UZI: Kupunguza kelele ndani ya gari la zamani – mikeka ya butili, sponji, vinili, na mahali hela inapopotelea

BatiKimya (Uyole)

Habari za baridi wakuu. Huu uzi ni wa magari yaliyokula chumvi: Hardtop (Land Cruiser) za injini ya 1HZ, Hilux za zamani, Noah, Carina, Mark II na ndugu zao. Kelele ndani ya gari la umri huo zinapungua, tena sana, ila si kwa mpangilio ambao wengi wanaanza nao wa kung'oa kapeti na kubandika siku hiyohiyo.

Kabla ya kununua chochote, pita chini ya gari. Beringi ya tairi iliyochoka inanguruma, na mlio wake unabadilika ukipinda kona. Maunti za injini (raba zinazobeba injini) zilizolala zinapeleka mtetemo moja kwa moja kwenye bodi. Kwenye gari la chesisi, kagua na zile raba zinazokaa kati ya chesisi na bodi. Zikishapasuka, bati linakalia chuma. Ekzozi inayovuja kwenye maungio, bushi zilizokwisha, tairi zenye meno makubwa ya tope: hakuna mkeka unaonyamazisha hivyo vitu. Na kama sakafu inahitaji kuchomelewa, choma kwanza. Butili (mpira laini unaonata) na sponji vikishakaa juu ya bati halafu fundi akaja na mashine ya kuchomelea chini, utazima moto ndani ya gari.

Jambo la pili, usioshe gari ndani kwanza! Toa viti, inua kapeti, piga picha. Gari linalotembea barabara za vumbi huku kwetu limeshakuchorea ramani: kila penye mstari wa vumbi jekundu kwenye kona ya mlango, kwenye tundu la waya au chini ya raba ya gia, hewa inapita hapo, na kelele inapita na hewa. Ukuta wenye tundu la asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hata ukiwa wa zege. Kwa hiyo raba ya gia iliyopasuka kwenye Hardtop (kumbuka zipo mbili, ya gia na ya four wheel) ina madhara kuliko mita nzima ya bati tupu.

Sasa vifaa. Kuna kazi tatu tofauti na watu wanazichanganya.

Butili yenye foili ya aluminiamu, unene wa milimita 2, kazi yake ni kuzuia bati lisiimbe. Bati likitetemeka, butili inavutwa huku na huku kati ya bati na foili, na ule mtetemo unageuka joto dogo sana. Bila foili ngumu juu yake butili haina cha kuishikilia, ndiyo maana mkeka wa foili laini kama ya kufungia chipsi ni hela iliyopotea.

Vinili nzito (plastiki nzito ya kutandaza), kama kilo 5 kwa mita ya mraba, ndiyo inayozuia sauti inayosafiri hewani: injini, tairi, upepo.

Sponji isiyonywa maji, milimita 6 hivi, inakaa katikati ili vinili isigusane na bati. Ukigundisha vinili moja kwa moja kwenye bati, vinatetemeka pamoja na faida kubwa inapotea.

Mpangilio kutoka chini: bati, butili, sponji, vinili, kapeti. Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mlima_Nyoka

Mkuu umeeleza vizuri, ila mbona hujasema ufunike asilimia ngapi? Kwenye magari ya muziki wanafunika bati lote mia kwa mia, mlango hadi paa. Ukibandika vipande vipande si unajidanganya?

BatiKimya (Uyole)

Hapana mkuu, na hapa ndipo hela nyingi inapopotea. Bati linatetemeka zaidi katikati, mbali na mikunjo na kingo. Kipande kinachofunika robo hadi theluthi ya bati, kikikaa katikati, kinaondoa sehemu kubwa ya mlio. Kutoka hapo hadi asilimia 100 unaongeza uzito mara tatu kwa faida ndogo. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Bati tupu linasema "ngwaaa" na mwangwi unabaki. Bati lililobandikwa linasema "tup" na kunyamaza. Likishasema "tup", hamia bati jingine.

Wa muziki wana sababu yao: spika ya inchi 6 na nusu inausukuma mlango wote, na wanataka kuziba matundu ya bati la ndani. Hiyo ni kazi nyingine.

Penye kustahili zaidi ya theluthi ni pawili. Matao ya tairi za nyuma kwa ndani, na ukuta wa injini pale miguu ya dereva na abiria inapokaa. Hapo jaza unavyoweza.

Kamwene_Ipogolo

Kamwene wakuu. Niongezee kwenye ununuzi, maana sokoni kuna mikeka miwili inayofanana kwa sura: butili na lami. Yote ina foili inayong'aa na mistari. Ya lami mara nyingi ni ile ya kuzibia mapaa ya nyumba. Bei iko chini, na kwenye nyumba inafanya kazi yake vizuri tu.

Tofauti inaonekana hivi. Kata ukanda wa sentimita 2, uvute. Butili inarefuka kama ubani uliotafunwa. Lami inakatika fupi. Uache nje usiku wa Julai, asubuhi ukunje: butili inakunjika, lami inakakamaa au kuonyesha nyufa. Halafu upashe moto kwa draya ya nywele na unuse. Lami inajitangaza yenyewe.

Tatizo la lami kwa gari la huku si baridi peke yake. Gari linalala Makambako kwenye nyuzi chache, mchana liko Ruaha Mbuyuni au Kyela, madirisha yamefungwa, limepaki juani. Paa linapata joto la kuunguza mkono. Lami inalainika, inateleza taratibu, inaning'inia nyuma ya kitambaa cha paa, na harufu yake haitoki kwenye viti. Halafu panda mlima Kitonga na mzigo: ekzozi na giaboksi zinapika ile handaki ya katikati ya sakafu kwa muda mrefu. Juu ya handaki weka butili yenye foili nzuri au usiweke kitu.

Sponji nayo ina mtihani wake. Iweke mdomoni upulize. Hewa ikipita, ni ya kunywa maji, iache dukani. Sponji ya godoro chini ya kapeti ni njia ya uhakika ya kuozesha sakafu, na ikipata cheche inawaka haraka na moshi wake ni sumu.

Rungwe_Mvua

Ndaga Kamwene. Sisi wa Tukuyu adui wetu ni maji, kwa hiyo niseme ya mlango.

Watu wanadhani mlango wa gari hauingizi maji. Unaingiza kila mvua. Maji yanashuka na kioo, yanapita kwenye raba ya nje ya kioo ambayo kwenye gari la miaka 25 imeshakauka, yanaanguka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Hivyo ndivyo mlango ulivyosanifiwa. Kwa hiyo:

Matundu ya chini, mara nyingi mawili au matatu, yazibue kwa waya kwanza. Usibandike chochote sentimita 5 za mwisho kutoka chini.

Mkeka unakaa kwenye bati la nje, kwa ndani. Ingiza mkono kwenye tundu kubwa, safisha, bandika vipande viwili vya ukubwa wa daftari kubwa badala ya kimoja kirefu kisichopita tundu. Shusha kioo hadi mwisho kabla ya kubandika uone kinapopita, na mkono wa kioo unapozunguka. Mkeka uliokunjika pembeni ukigusa kioo unakikwangua kila siku.

Lile karatasi la nailoni nyuma ya kava la mlango USILITUPE. Mafundi wengi wanalichana na kuliacha. Kazi yake ni kurudisha maji ndani ya mlango. Ncha yake ya chini lazima iingie ndani ya bati, isibaki nje, la sivyo maji yanashuka nyuma ya kava hadi kwenye kapeti. Kama limechanika, kata jingine kutoka nailoni nzito ya ujenzi, ulizungushie kamba ya butili pembeni. Nailoni nzima iliyobana inapunguza pia kelele za upepo kuliko wengi wanavyofikiri.

Ukimaliza, funga mlango, mwaga maji ya bomba juu ya kioo dakika tano, tazama chini. Maji yasipotoka kwenye matundu, fungua tena.

Mlima_Nyoka

Na kutu? Sakafu nyingi za Hardtop ukiinua kapeti unakuta ramani ya Afrika.

Kamwene_Ipogolo

Hahaha, na Madagaska pembeni.

Ukibandika juu ya kutu umeifunika blanketi. Inaendelea kula, na utajua siku mguu utakapotoboka. Piga brashi ya waya hadi ya kung'oka iishe, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, iache ibadilike rangi kuwa nyeusi kama kopo linavyoelekeza, kisha prayma. Prayma ikauke kabisa. Wakati huu wa baridi ipe siku mbili, maana thina ikibaki chini ya foili haina pa kutokea na mkeka unafura malengelenge.

Vile vibandiko vya lami vya kiwandani, vigumu kama kashata, si lazima uving'oe. Vigonge. Vilivyoshika vizuri viache, bandika juu yake. Vinavyolia kitupu, au vyenye nyufa na maji chini, ng'oa kwa patasi pana na joto la wastani. Ukitumia joto, kumbuka mabomba ya mafuta na breki yanapita chini ya bati hilohilo, na magari mengi tanki liko chini ya kiti cha nyuma. Mabaki ya lami yanatoka kwa mafuta ya taa, halafu maji na sabuni, halafu spiriti. Usimalizie na petroli: inaacha mafuta kwenye bati, na mvuke wake ndani ya gari unasubiri cheche moja tu.

DadaWaya

Hamjagusa umeme na usalama, na hapo ndipo kazi safi inapoharibika.

Kama gari lina erbegi (mfuko wa hewa wa ajali), toa waya wa hasi wa betri, subiri. Toyota wanasema angalau sekunde 90. Subiri dakika tano, huna haraka. Soketi za rangi ya njano ni za erbegi. Usizipime kwa taa ya majaribio wala multimita. Usiwashe swichi ya gari wakati kiti chenye soketi ya njano kimetolewa, taa ya erbegi itabaki inawaka.

Kile kisanduku cha erbegi kilichofungwa katikati ya sakafu, karibu na gia, usikiwekee mkeka chini. Kinapima mshtuko wa bodi, kwa hiyo lazima kikae chuma kwa chuma. Hivyohivyo kwa miguu ya viti na nanga za mikanda: kata mkeka na sponji uache duara tupu kuzunguka kila bolti. Ukifunga bolti juu ya sponji, leo imekaza, baada ya wiki sponji imelala na bolti imelegea, nayo ndiyo imeshika mkanda wako. Kaza kwa torki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari, si kwa hisia za mkono.

Foili inapitisha umeme. Isiguse kichwa cha waya wala sehemu ya fyuzi. Waya upite juu ya mkeka, usifunikwe chini yake. Siku ukiutafuta utachana kazi yote. Vaa glavu, kingo za foili zinakata kama wembe.

Na pedali! Unene wa sponji, vinili na kapeti ukiongezeka chini ya klachi, pedali haifiki mwisho. Chini ya pedali ya mafuta, kapeti lililoinuka linaweza kushika pedali. Sehemu ya visigino vya dereva weka butili peke yake, basi.

Chimala_Dizeli

Wakuu, kwa Hardtop ndefu ya milango miwili mbele na miwili ya kufunguka nyuma, ninunue mikeka mingapi? Muuzaji anasema 35.

BatiKimya (Uyole)

Mkuu, anauza mikeka huyo, hauzi ukimya.

Pima kwa magazeti: tandaza, kata, jumlisha. Chukulia umepata sakafu mita za mraba 3.6, paa 3.2, milango ya mbele 1.4 yote miwili, ubavu wa nyuma pande zote 2.6, milango ya nyuma 0.9. Jumla 11.7. Mkeka wa kawaida wa sentimita 46 kwa 80 ni 0.368. Kufunika kila kitu unahitaji 32, na kwa kilo 3 hivi kwa mita ya mraba, ni kilo 35 za butili.

Ukifunika wastani wa asilimia 35 unahitaji mita 4.1. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyoharibika, inakuwa 4.5, sawa na mikeka 13, kilo 13 na nusu. Ile hela ya mikeka 19 iliyobaki inunue vinili na sponji ya sakafu yote, mita 3.6, ambayo ni kilo 18 nyingine. Uzito jumla unakuwa karibu na ule wa mikeka 32, lakini sasa injini na tairi zimezuiwa, si bati tu lililonyamazishwa.

Kama mfuko hauruhusu vyote: kwanza raba za milango na za gia, pili sakafu ya mbele na ukuta wa injini, tatu matao ya tairi za nyuma, nne milango. Paa mwisho. Ila kwa Rungwe, ambako mvua inapiga ngoma juu ya bati hadi abiria hawasikilizani, paa lipandishe hadi la pili. Bandika kati ya mbavu tu.

Rungwe_Mvua

Umenena kweli.

Kamwene_Ipogolo

Raba za milango: funga mlango juu ya ukanda wa karatasi, uvute. Ukitoka bila kubana, weka alama ya chaki. Zunguka mlango wote kila sentimita 10. Wakati mwingine raba ni nzima, ila mlango umeshuka kwenye bawaba. Inua mlango na rekebisha kikamatio kwenye nguzo kabla ya kununua raba. Ukinunua ya kukata kwa mita, kipenyo kisizidi cha zamani, la sivyo mlango utakuwa wa kupigwa teke. Raba kavu ipake silikoni. Grisi na mafuta ya injini vinaivimbisha.

Chimala_Dizeli

Nimeelewa. Na kubandika kwenyewe wakati huu wa baridi? Klipu za makava zinakatika kama biskuti.

BatiKimya (Uyole)

Klipu zipashe moto kwa draya kabla ya kuvuta, ingiza kifaa cha plastiki karibu kabisa na klipu, si katikati ya kava. Nunua akiba ya kama 20 kabla ya kuanza.

Butili inashika vizuri bati likiwa nyuzi 20 kwenda juu. Mbeya asubuhi ya Juni haifiki hapo. Anza saa tano, gari likae juani milango imefungwa, mikeka nayo itandazwe kwenye boneti. Umande hauonekani kwa macho kwenye bati baridi, kwa hiyo futa kwa spiriti dakika chache kabla ya kila kipande na uache ikauke.

Chambua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, sentimita 10, bandika kuanzia ncha moja, sukuma kwa rola ndogo ngumu kuelekea nje. Mikeka mingi ina vidoto au mistari iliyoinuka kwenye foili: sukuma hadi ilale bapa, ndiyo alama kuwa imeshika. Kibofu cha hewa kitoboe kwa ncha ya kisu, sukuma hewa, funika kwa kipande cha foili. Kwenye mikunjo ya bati pasha, ifuate mkunjo kwa kidole. Ukiivuta juu ya bonde kama ngoma, chini inabaki hewa na itabanduka.

Plagi za raba za sakafu usizifunike.

Mlima_Nyoka

Vipi ile rangi nyeusi ya mpira ya kupuliza chini ya gari?

Kamwene_Ipogolo

Kwenye matao ya tairi kwa nje inasaidia kokoto zisilie, hasa barabara za changarawe. Safisha hadi bati, paka tabaka nyembamba mbili au tatu, si moja nene. Isiende kwenye ekzozi, diski, mabomba ya breki wala matundu ya kutolea maji. Juu ya kutu ni kosa lilelile la blanketi.

DadaWaya

Na namna ya kupima kama mmefanya kitu: programu ya desibeli kwenye simu, simu palepale, kimo cha sikio. Barabara ileile na upande uleule, kwa mfano kipande kilichonyooka cha Igawa kwenda Chimala, kilomita 80 kwa saa, gia ileile, feni imezimwa, vioo juu, lami kavu. Rudia mara tatu kabla, mara tatu baada. Namba ya simu si sahihi kama kipimo cha maabara, kinachotakiwa ni tofauti. Desibeli 3 sikio linaanza kutambua. 10 linaona kelele zimepungua nusu.

Chimala_Dizeli

Ikishuka 2 tu baada ya kubandika vyote?

DadaWaya

Basi kuna tundu. Usiku weka taa kali ndani, zima zote za nje, zunguka gari. Anza na raba za gia.